TAHARIRI: Bunge lisome mkataba kabla hela haijatoka

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Oktoba na Novemba, ndugu zetu wenye nyumba hapa Houston, na wenzao wa Arlington, Garland na Grand Prairie kule upande wa Dallas na Fort Worth, hupokea bahasha ambayo hakuna anayeifurahia. Ni bili ya kodi ya nyumba. Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo linajifidia kwenye nyumba na kwenye manunuzi. Mwenye nyumba ana mpaka Januari 31 awe amelipa, akichelewa riba na faini vinaanza kuhesabika.

Lakini hebu ichukue bili hiyo uisome. Mkazi wa Houston anaoneshwa mstari kwa mstari nani anachukua kiasi gani: kaunti ya Harris, idara ya kuzuia mafuriko, mamlaka ya bandari, hospitali za umma, shule, chuo cha jamii, na jiji lenyewe. Wa Dallas naye anaona fungu la hospitali ya Parkland na la shule za wilaya yake. Baada ya kimbunga Harvey cha 2017, kaunti ya Harris ilitaka kukopa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya miradi ya mafuriko. Haikukopa kimya kimya. Ilipiga hodi kwa wapiga kura Agosti 25, 2018, mwaka mmoja kamili tangu kimbunga kile, ikawaambia deni litalipwa kwa nyongeza ya kodi zao, na wao wakakubali.

Tunayasema haya si kwa sababu Marekani ni peponi. Houston hii ndiyo ya Enron, iliyoanguka Desemba 2001 huku wakaguzi wake wa hesabu wakiwa wameshasaini kwamba mambo ni shwari. Tunayasema kwa sababu Houston hii hii ina nafasi yake katika historia ya Bunge letu, na wengi wa wasomaji wetu wa hapa wanapita barabara zake kila siku bila kukumbuka.

Mwaka 2006 nchi yetu ilikuwa gizani. Ukame ulikausha mabwawa, Mtera ikawa tope, mgawo wa umeme ukawa ndio habari ya mjini. Juni 2006 TANESCO ikatia saini mkataba na kampuni iliyoitwa Richmond Development Company, anuani yake Houston, Texas, ili ilete mitambo ya dharura ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Mvua zikafika kabla yake. Desemba mwaka huo huo mkataba ukahamishiwa kwa kampuni nyingine, Dowans, na TANESCO ikabebeshwa malipo yaliyokuja kujulikana kwa kila mtoto wa Tanzania: Shilingi milioni 152 kwa siku, umeme uwake usiwake.

TAKUKURU ilichunguza mwaka 2007 ikasema haikuona rushwa. Wabunge hawakuridhika. Novemba 2007 wakaunda Kamati Teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, akiwa na Stella Manyanya, Lucas Selelii, Habib Mnyaa na Herbert Mntangi. Ripoti yao ilisomwa Dodoma Februari 2008, na waliokuwa kwenye redio siku ile hawajasahau. Kamati ilikuta kwamba kampuni ile haikuwa na utaalamu, haikuwa na uzoefu na haikuwa na fedha za kufanya kazi iliyopewa. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakafuata.

Tangu hapo tumezoea kuisimulia hadithi hii kama siku ya ushindi wa Bunge. Kwa kiasi fulani ni kweli. Hatukuwahi kuona Waziri Mkuu akiondoka kwa sababu ya ripoti ya wabunge watano. Lakini sisi tunaomba leo tuitazame kwa jicho la mtu anayelipa bili.

Mkataba ulisainiwa Juni 2006. Bunge liliusoma Februari 2008. Katikati hapo ni miezi ishirini. Na ushindi ule haukufunga bomba la fedha. TANESCO ilipouvunja mkataba wa Dowans Agosti 2008, Dowans walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 ikaamuliwa walipwe zaidi ya dola milioni 65, Shilingi bilioni 94 kwa hesabu za wakati ule. Mwaka 2011 mitambo ile ile ya Ubungo ikanunuliwa na Symbion, kampuni nyingine ya Marekani. Symbion nao wakasaini na TANESCO mkataba mpya Desemba 2015, Serikali iliyofuata ikaukataa, wakaenda nao kwenye usuluhishi, na mwaka 2021 Serikali ikakubali kuwalipa dola milioni 153 ili yaishe. Tuliona tena jambo hilo likiibuka bungeni wakati wa kujadili ripoti za ukaguzi.

Hesabu miaka, msomaji. Kuanzia 2006 mpaka 2021 ni miaka kumi na mitano. Mtoto aliyezaliwa Temeke siku Richmond inasaini alikuwa sekondari siku Symbion wanakubaliwa kulipwa. Mawaziri waliojiuzulu hawakulipa hata senti ya deni hilo. Aliyelipa ni yule anayenunua LUKU ya elfu tano akiombea ifike Ijumaa, na ni wewe uliyeko Fort Worth unayetuma Western Union ili mama asikae giza.

Swali letu ni dogo tu. Hivi ingegharimu kiasi gani, Juni 2006, kumpigia simu Mtanzania mmoja tu wa Houston na kumwomba aende kwenye anuani ile akatazame kuna nini?

Tukiondoka Houston, tukipanda barabara ya 45 kuelekea kaskazini mwendo wa saa nne hivi, tunafika Irving, katikati ya Dallas na Fort Worth. Hapo ndipo kwa miaka mingi, mpaka 2023 ilipohamia jirani na Houston, palikuwa makao makuu ya ExxonMobil. Kampuni hiyo ina asilimia 35 katika Kitalu namba 2 cha gesi baharini, mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara. Zilizobaki ni za Wanorway, wakati ule wakiitwa Statoil na siku hizi Equinor. Hapa hatusemi kampuni imeiba. Kampuni inatafuta faida, hiyo ndiyo kazi yake. Tunazungumzia upande wetu.

Mwaka 2014 kipande cha mkataba wa kitalu hicho kilivuja, na ndipo wananchi kwa mara ya kwanza wakaanza kubishana kwa namba juu ya mgawo wa gesi yao. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, iliyokuwa chini ya Zitto Kabwe, ilikuwa imeomba TPDC iilete mikataba yote ya gesi, ishirini na sita. Ikapigwa danadana. Novemba 3, 2014 mwenyekiti akaagiza polisi wamchukue mwenyekiti wa bodi ya TPDC pamoja na kaimu mkurugenzi wake kwa kukaidi amri ya kamati.

Watu walishangilia, na sisi tulishangilia. Lakini fikiria maana yake. Huko Irving wanasheria wa kampuni walikuwa na mkataba huo kwenye makabati yao. Wanorway walikuwa nao. Aliyekuwa hana ni mbunge wa Lindi. Ilibidi aite askari ili asome karatasi yenye sahihi ya serikali yake mwenyewe.

Kweli, baada ya hapo sheria zilitungwa. Mwaka 2015 zilipita sheria za petroli, ya mapato ya mafuta na gesi, na ile ya uwazi katika uziduaji inayotaka mikataba iwekwe hadharani. Mwaka 2017 ikaja nyingine inayolipa Bunge uwezo wa kuipitia mikataba ya maliasili na kutaka vifungu vya kinyonyaji vijadiliwe upya. Sheria nzuri, tunazipongeza. Ila sheria ya kupitia mkataba ambao tayari una sahihi ni sawa na kumkagua ng'ombe aliyekwisha lipiwa mahari. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuwa mazungumzo ya mradi mkubwa wa kusindika gesi Lindi, wenye thamani ya mabilioni ya dola, yamekamilika. Ni wangapi kati ya wajumbe wa kamati za Bunge walioshika rasimu yake mikononi?

Sasa kuna upande wa pili wa shilingi, nao ni makusanyo. Wengi tunadhani Bunge likishaangalia matumizi limemaliza kazi. Serikali hupoteza fedha kwa njia mbili, kwa kuzitumia vibaya na kwa kutozikusanya, na hii ya pili haina kelele. Katika mwaka wa fedha 2011/12 misamaha ya kodi ilifika kama Shilingi trilioni 1.8, kutoka trilioni moja na kidogo mwaka uliotangulia. Hakuna aliyebeba sanduku la hela usiku. Ni notisi tu katika Gazeti la Serikali na barua kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Sheria mpya ya VAT ya 2014 ilipunguza sehemu ya mianya hiyo, na mjadala wa wabunge ulichangia.

Mzigo ule usiobebwa na mwenye msamaha haupotei hewani, unahamia kwa mwingine. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakayafunga tena Juni 2024, wakilalamika juu ya namna TRA inavyowakamua, kikosi kazi mlangoni, faini za risiti, makadirio wasiyoyaelewa. Mara ya kwanza Waziri Mkuu alilazimika kwenda mwenyewe Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mwaka 2024 Rais akaunda tume ya kuangalia mfumo mzima wa kodi. Yote sawa. Lakini mwenye duka la Kariakoo anapofikia kufunga duka ndipo asikilizwe, ina maana yule aliyemchagua kwenda Dodoma hakuwa na nyaraka za kuiuliza TRA maswali miezi sita kabla. Au alikuwa nazo akanyamaza. Hatujui lipi ni baya zaidi.

Hapa Texas mambo hayo yakoje? Mhasibu mkuu wa jimbo, wanamwita Comptroller, analazimishwa na sheria atoe ripoti kabla ya kila kikao cha kawaida cha Bunge la jimbo, inayoonesha kila msamaha wa kodi na thamani yake. Kulikuwa na mpango uliojulikana kwa namba yake, 313, wa kuyapunguzia makampuni makubwa kodi ya shule ili yajenge viwanda. Mikataba ya kampuni hizo iliwekwa kwenye tovuti ya Comptroller, kampuni moja moja. Waandishi wa Houston wakaisoma, wakapiga hesabu, wakaandika. Wabunge mwaka 2021 wakagoma kuuongezea muda, ukafa Desemba 2022. Baadaye 2023 wakapitisha mwingine, kwa hiyo hatusemi kwamba wameokoka. Tunasema walibishana wakiwa na karatasi mezani.

Na wao pia hujificha wakipata upenyo. Mwaka 2015 mahakama kuu ya jimbo ilitoa hukumu iliyoruhusu makampuni kuficha vipengele vya mikataba yao na serikali. Ukaibuka utani mtupu. Mji wa McAllen, kule mpakani na Mexico, ulimwalika mwanamuziki Enrique Iglesias kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, kisha ukakataa kuwaambia wananchi amelipwa kiasi gani kutoka kwenye kodi zao. Baadaye ikajulikana ni karibu dola nusu milioni. Mwaka 2019 Bunge la Texas likabadilisha sheria: bei na masharti ya mkataba wa umma ni mali ya umma. Ilichukua miaka minne, na kilichowasukuma ni aibu.

Turudi Dodoma. Kuna jambo la kalenda ambalo watu hawalizungumzi. Fedha iliyotumika Julai 2021 iliingia kwenye ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aliyoikabidhi kwa Rais mwishoni mwa Machi 2023, ikawekwa mezani Bunge la Aprili, na mjadala wenyewe ukaja Novemba 2023. Miezi ishirini na nane. Afisa masuuli aliyehusika ameshahamishwa mikoa miwili, mkandarasi ameshafunga kampuni na kufungua nyingine, na mbunge aliyekuwa anaijua habari ile yuko jimboni kwake anajiandaa na uchaguzi. Kwenye misiba na harusi zetu hapa Texas, mweka hazina asiposoma michango ndani ya wiki mbili simu haipumui. Kwa nini tuwe wakali kwa dola mia mbili za mchango na wapole kwa matrilioni?

Na wale waliojaribu kuwa wakali tunajua yaliyowakuta. Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, POAC, iliyoanza 2008, ilifutwa 2013 ikaunganishwa na PAC wakati ndio kwanza mashirika yameanza kuiogopa. Aprili 2018 ripoti ya CAG ya 2016/17 ilizua mjadala wa Shilingi trilioni 1.5, tofauti kati ya kilichokusanywa na kilichotumika. Desemba mwaka huo CAG Profesa Mussa Assad, akiwa New York, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa akasema kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita mbele ya kamati ya maadili kama mwanafunzi mtovu wa adabu, na Aprili 2, 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye.

Yaani chombo chenye kazi ya kusoma ripoti za mkaguzi kiliamua kumsusia mkaguzi. Novemba 2019 nafasi yake ikapewa Charles Kichere, ambaye siku za nyuma alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA. Hatuna ugomvi na Bwana Kichere, na ripoti zake zimetoa mambo mazito. Lakini mtu aliyekuwa akikusanya kodi mpaka 2019 kupewa rungu la kuikagua mamlaka ile ile mwaka huo huo, ni jambo ambalo Bunge lilipaswa kulihoji, na halikulihoji. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwa Profesa Assad kulikiuka Katiba. Miaka mitatu ilikuwa imeshapita.

Hali ya sasa haitupi matumaini ya haraka. Kamati za hesabu zilijengwa kwa mazoea kwamba mpinzani ndiye anayeziongoza, kwa sababu yeye hana mjomba serikalini. Bunge la baada ya 2020 lilikuwa na wapinzani wa kuhesabika kwa vidole, na kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikushiriki kabisa. Kwa hiyo kazi ya kuuliza inawaangukia wabunge wa CCM wenyewe. Tunawakumbusha tu kwamba Dk. Mwakyembe na Selelii walikuwa CCM.

Wanachoweza kukifanya hakihitaji Katiba mpya. Wabadili kanuni zao ili mkataba wowote mkubwa wa umeme, gesi, bandari au mkopo uwekwe mbele ya kamati husika kabla ya malipo ya kwanza, wakitaka kwa siri basi kwa siri, lakini wausome. TRA ilete kila robo mwaka orodha ya misamaha, kwa majina na viwango. Mjadala wa CAG uvutwe uwe kabla ya kupitisha bajeti ya Juni, si miezi mitano baada ya kuwapa watu wale wale fedha nyingine. Hili la mwisho tunaambiwa kila mara kwamba haliwezekani, kwamba lazima Serikali ipewe muda wa kujibu hoja. Mbona Aprili 2012 liliwezekana? Wabunge waliichachamalia ripoti ya CAG kikao kile kile, sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu zikaanza kuzunguka, na kufika Mei Rais Kikwete alikuwa ameshawaondoa mawaziri sita.

Na sisi tuliopo huku tuna kazi yetu, ambayo si kulalamika kwenye sherehe za Desemba 9 na kurudi nyumbani. Ofisi ya Comptroller wa Texas ina sehemu kwenye tovuti yake ambapo mtu yeyote, bure, anaandika jina la kampuni na kuona kama imeandikishwa, kama bado ina haki ya kufanya biashara, na anuani yake ni ipi. Haihitaji uraia wala wakili. Mjumbe wa PAC anaweza kuifungua akiwa amekaa Dodoma kwenye simu yake. Na kama atataka mtu wa kwenda kuugonga mlango wenyewe, iwe ni Houston, Irving au Fort Worth, atuandikie. Wapo wasomaji wetu wanaofanya kazi zamu za usiku, mchana wana nafasi, na magari yana mafuta.